Vibati Vinane

KARANI: Haloo? Sema haraka, niko kikaoni. Nani?

BIBI: Mkeo.

KARANI: Nani?

BIBI: Mkeo wa kwanza, yule wa meno mawili. Umenisahau sauti mara hii?

KARANI: Bibi! Shikamoo. Namba hii ya nani?

BIBI: Marahaba. Ya fundi viatu, yangu haina chaji. Salio ni lake, na ananitazama kama nimeshika roho yake, kwa hiyo usinizungushe. Toka huko kikaoni.

KARANI: Siwezi kutoka hivihivi, Bibi, mkuu wa idara ndiyo kwanza anaongea—

BIBI: Toka.

KARANI: [anahema] Haya. Nimetoka, niko koridoni. Kuna nini? Na huo mngurumo ni wa nini, mashine ya kusaga?

BIBI: Ingekuwa ya kusaga ningehangaika na wewe? Si ningekuwa nimepanga foleni na mahindi yangu? Ni msumeno. Wanakata miti ya mtaa wetu.

KARANI: Mtaa wetu? Haiwezekani.

BIBI: Mmoja umeshalala chini, wa kwenye kona, ule maharusi wanapopigia picha. Jua limeingia mpaka ndani. Leo nimeona vumbi juu ya kabati langu ambalo sijapata kuliona tangu niolewe.

KARANI: Bibi, nisikilize. Mtaa ule hauguswi. Miti yote ina kibati cha namba, na mti wenye kibati haukatwi mpaka barua itoke juu kabisa. Hao wamekosea mtaa. Muulize msimamizi wao kama ana karatasi.

BIBI: Anayo. Nimeishika mimi.

KARANI: Inasemaje?

BIBI: Ngoja nishushe miwani... "Miti minane iliyojiotea, upande wa kushoto, ikatwe kupisha nguzo za taa." Na chini kuna sahihi.

KARANI: Ya nani?

BIBI: Haisomeki. Ila herufi ya mwisho ina mkia, umejikunja kama wa panya aliyebanwa na mlango. Mkia huo nimeuona kwenye madaftari yako tangu darasa la pili.

KARANI: [kimya]

BIBI: Haloo? Mtandao umeondoka?

KARANI: Nipo.

BIBI: Ni wako?

KARANI: Ni wangu. Ni orodha ya mwezi wa— Bibi, wewe si nilikupigia? Kabla sijasaini. Watu wa kuhesabu walirudi wakasema miti minane upande wa nyumba yenu haina vibati. Nikakupigia jioni ileile, nikakuuliza, vibati vya miti hapo mbele vimekwenda wapi. Ukanijibuje?

BIBI: Siku nyingi hizo.

KARANI: Miezi miwili. Ukanijibuje?

BIBI: Nilisema labda watu wa vyuma chakavu.

KARANI: Watu wa vyuma chakavu! Nami nikaandika hivyohivyo. Mkuu akanicheka mbele ya wenzangu. Akasema mwenye kuiba chuma huiba mfuniko wa mtaro, hajisumbui na kibati kidogo kama biskuti. Miti hiyo haijawahi kuwa na namba, akasema, imejiotea, iandike. Nilikuwa na la kumjibu?

BIBI: Ungekuja ukaangalia. Miti uliyoipanda kama ngedere, magoti yako yote yana alama zake, unaambiwa imejiotea na unakubali?

KARANI: Nilikuwa na mitaa kumi na tisa ya kuandika, Bibi!

BIBI: Usinifokee.

KARANI: Sifoki. Napaza sauti, kuna msumeno!

BIBI: Msumeno uko kwangu. Huko kwako kuna korido tu.

KARANI: Samahani.

BIBI: Nimeisikia. Sasa?

KARANI: Sasa wamefika wapi?

BIBI: Wanaukatakata ule wa kona vipandevipande. Wakimaliza wanakuja kwenye huu wa pili. Nimeuegemea. Msimamizi ananiita mama, ananiomba nisogee. Mara ya kwanza aliomba kwa adabu kabisa, ila naona adabu inamwishia.

KARANI: Usisogee.

BIBI: Nilikuwa naondoka?

KARANI: Ngoja nifikirie. Ngoja... Daftari la zamani lipo. Namba za miti ile lazima ziwemo mule. Lakini daftari likisema mti una namba, na mti wenyewe hauna, mimi nitamwonyesha mkuu nini? Tundu? Hewa? Siwezi kitu bila vibati, Bibi. Siwezi hata kufungua mdomo.

BIBI: Kitendawili.

KARANI: Bibi, si sasa!

BIBI: Nimesema kitendawili.

KARANI: Watu wana msumeno mkononi, salio la watu linakwisha, mimi nimetoroka kikao, wewe unaniletea— [anashusha pumzi] Haya. Tega.

BIBI: Nina askari wanane wamesimama barabarani. Vitambulisho vyao vimelala kwenye kopo la vifungo. Leo wanakamatwa kwa kukosa vitambulisho, na aliyevificha anaona haya kusema.

KARANI: Kopo la vifungo...

BIBI: Umeshindwa? Nipe mji.

KARANI: Sikupi mji wowote. Bibi. Niambie sivyo.

BIBI: Ndivyo.

KARANI: Wewe? Kwa mikono yako?

BIBI: Kwa koleo la fundi viatu. Saa nne asubuhi, watu wameshakwenda makazini.

KARANI: Vyote vinane?

BIBI: Umesikia askari wangapi?

KARANI: Mungu wangu. Nimekuuliza kwenye simu, nimekuuliza kwa mdomo wangu, ukaniambia vyuma chakavu! Nimesaini, nimegonga muhuri, nimeipeleka mwenyewe kwa mkuu na bahasha nimeilamba mimi! Kwa nini, Bibi? Vibati vilikukosea nini?

BIBI: [mkwaruzo] —yako.

KARANI: Nini? Sogea upande mwingine, unakatika.

BIBI: Sisogei, nikisogea wanakata. Nimesema babu yako.

KARANI: Babu amefanya nini?

BIBI: Alipokuwa kitandani, mwishoni. Kitanda tulikisogeza dirishani aone nje. Si unajua miaka thelathini alikuwa juu ya kamba, anapogoa huku, anaacha huku, mpaka matawi ya upande huu na ya upande ule yakashikana kule juu kama watu wanaosalimiana. Msumari hakuwahi kuupigilia mti hata mmoja. Ninyi ndio mlikuja na misumari ya vibati, yeye ameshastaafu.

KARANI: Si mimi. Sikuwa nimeajiriwa bado.

BIBI: Ofisi ni ileile. Basi akaanza na ule wa dirishani. "Ule msumari," anasema, "unaniuma." Nikadhani ni homa inaongea. Nampa dawa, halali. Namgeuza mto, halali. "Unaniuma hapa." Anaonyesha ubavuni. Nikasema potelea mbali, nikaenda kwa fundi, nikaomba koleo, nikaung'oa. Tundu nikaliziba kwa udongo. Nikarudi nikamwambia, mzee, nimeutoa. Akalala mpaka saa tisa alasiri, anakoroma kabisa.

KARANI: Bibi...

BIBI: Kesho yake akauona wa pili.

KARANI: Ukatoka tena.

BIBI: Ningefanyaje? Kila siku mmoja. Wa nane yeye mwenyewe hakuweza kuuona kutoka pale alipo, uko mbali, ila alijua upo. Siku ya tisa hapakuwa na mtu wa kunituma.

KARANI: Siku zile mimi nilikuwa—

BIBI: Ulikuwa kazini.

KARANI: Nilisema ningekuja Jumamosi.

BIBI: Ulisema. Haya, tuendelee, salio la watu.

KARANI: Lakini ungeniambia, Bibi. Nilipokuuliza. Kwani ningekufanya nini?

BIBI: Ulipiga ukiwa na haraka. Ukaanza na "Bibi swali moja tu." Jambo hili ni swali moja tu? Nikajibu la haraka kama lilivyoulizwa.

KARANI: [anahema] Kopo liko wapi sasa hivi?

BIBI: Kwapani.

KARANI: Kwapa— ulikuwa nalo muda wote huu?

BIBI: Nililichukua kabla ya kupiga simu.

KARANI: Umeniacha naruka hapa koridoni kama kuku aliyekatwa kichwa, na kopo liko kwapani!

BIBI: Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Na wewe hukunipa nafasi, ulikuwa unapaza sauti.

KARANI: Basi. Basi. Naingia chumba cha madaftari. Usikate... [mlango] Nisomee namba.

BIBI: Hiki... mia mbili na kumi na nane. Hiki kumi na tano. Kumi na mbili. Zote ni mia mbili na kumi na kitu, mpaka kumi na nane. Ya kwanza kumi na moja.

KARANI: Mia mbili na kumi na moja mpaka kumi na nane. Daftari hili lina vumbi la... [anapiga chafya] Zipo! Bibi, zipo zote, zimepangwa kuanzia kona. Sasa fanya hivi. Kibati kikiwa kwenye shina na namba ikiwa daftarini, huyo msimamizi haruhusiwi kugusa. Vipigilie.

BIBI: Nivipigilie?

KARANI: Misumari umeitupa?

BIBI: Imo humuhumu koponi. Lakini hilo usiniambie.

KARANI: Bibi.

BIBI: Nimesema usiniambie. Mkono uliong'oa ni huu. Nikamwambia mtu anayekwenda, nimeutoa, lala. Leo huohuo mkono urudishe? Nifunge kwa kamba.

KARANI: Kamba hawaitambui. Wataikata na kamba yako. Bibi, ni msumari au ni msumeno, hakuna cha tatu.

BIBI: Ofisi gani hii inayojua vitu viwili tu?

KARANI: Hii ninayokula mshahara wake! Siipendi hata mimi, lakini ndiyo iliyo—

BIBI: Ngoja. [mngurumo unakaribia] We baba! We msimamizi! Unakuja wapi na hilo dude? Sisogei! Nimesema niko kwenye simu na ofisi yenyewe, ofisi ya miti, wewe unakata simu ya serikali?

KARANI: Bibi, uko salama? Bibi!

BIBI: Amesimama. Anacheka, lakini amesimama. Fundi, nipe nyundo. Si hiyo ya visigino, kubwa. [sauti ikiwa mbali] Simu naichomeka kwenye kilemba, mikono yote ina kazi. Sema kwa nguvu.

KARANI: WA PILI KUTOKA KONA. MIA MBILI NA KUMI NA MBILI.

BIBI: Si kwa nguvu hivyo, nina masikio. Wa pili ndio huu nilioegemea.

KARANI: Daftari linasema... ngoja. "Una nundu kama goti upande wa barabara. Usipogolewe kabla ya mvua, hukasirika."

BIBI: Nani ameandika hukasirika kwenye daftari la ofisi?

KARANI: Ni mwandiko wa Babu. Yote haya ni mwandiko wake, hata namba; vibati vilikuja baadaye vikazifuata. Sikuwahi kulifungua hili daftari, sisi tunatumia jipya.

BIBI: Goti nimeliona. Naomba radhi, mzee. [ko! ko! ko!] Umeingia tundu lilelile. Lete wa tatu.

KARANI: Kumi na tatu. "Mkono wa kulia mzito, uungwe mkono na kamba."

BIBI: Upo, bado mzito. [ko! ko! aa!]

KARANI: Nini?

BIBI: Kidole. Kidole changu tu, endelea.

KARANI: Kumi na nne. "Huu hauna neno."

BIBI: Kweli, haukuwahi kuwa na neno. [ko! ko! ko!] Fundi amenifuata na kigoda chake, ananishikia misumari. Wenye salio wanajua kulinda mali yao.

KARANI: Kumi na tano, "ndege wengi, watu wa chini walalamikie ndege, wasiulalamikie mti." Kumi na sita, "umekaa vibaya lakini umekaa."

BIBI: Kama mama yako. [ko! ko!] Taratibu, mimi si mashine, napumua kwanza... Kumi na saba?

KARANI: "Tawi la juu limeshikana na la ng'ambo tarehe kumi na mbili. Nimeshuka kwenye kamba nikacheka peke yangu." Bibi, hii ni kumbukumbu ya ofisi?

BIBI: Siku hiyo alirudi nyumbani amechanika suruali, anacheka. Sikujua kinachomchekesha. [ko! ko! ko!]

KARANI: Na kumi na nane ni wa dirishani. Hapa hakuandika kitu. Namba tu.

BIBI: Huo hakuhitaji kuuandika. [ko!] [ko! ko!] Tayari. Saba. Na hiki cha kumi na moja kimebaki mkononi.

KARANI: Cha kona.

BIBI: Cha kona. Hiki nilikitoa siku ya mwisho.

KARANI: Weka mfukoni, Bibi. Msimamizi anasemaje? Ameona?

BIBI: Ameona, amezunguka yote saba, amegusa kwa kidole. Ngoja nimsikilize... Anasema vibati vimegongwa mbele ya macho yake na bibi kizee mwenye simu kichwani. Anasema hata yeye anaweza kugongelea kibati kwenye mlango wa baa akasema ni mti.

KARANI: Lakini namba zimo daftarini!

BIBI: Anasema hilo daftari aletewe alione, kabla ya saa ya chakula. Na jingine, akisimamisha kazi anatakiwa aandike kwenye karatasi ni kosa la nani. Bila jina la mtu hasimamishi, maana litageuka kuwa kosa lake.

KARANI: Hana makosa, ndivyo fomu ilivyo.

BIBI: Basi nimemwambia aandike mimi. Bibi wa nyumba ya kijani, mng'oa vibati.

KARANI: Usithubutu! Kung'oa namba ya mji ni kesi, Bibi, utaitwa, utasimamishwa mbele ya watu—

BIBI: Nimesimama hapa tangu asubuhi, kusimama kunanitisha nini?

KARANI: Mwambie asiandike!

BIBI: Ameshashika kalamu. Unataka aandike nani, fundi viatu? Paka?

KARANI: Spika imewashwa?

BIBI: Hapana. Fundi, washa kile cha sauti. Haya, imewashwa, anasikia. Mtaa mzima unasikia.

KARANI: Msimamizi, habari za kazi. Andika hivi tafadhali. Karani wa Idara ya Bustani aliisaini orodha bila kufika kuiona miti. Ndiyo, bila kufika. Alikuwa na muda wa kufika, hakufika. Namba zilikuwemo kwenye daftari ambalo hakulifungua. Daftari analo mkononi na anashuka nalo ngazi sasa hivi.

BIBI: Mume wangu.

KARANI: Nashuka, Bibi, usinisemeshe, ngazi zina utelezi.

BIBI: Daftari la ofisi linaruhusiwa kutoka?

KARANI: Haliruhusiwi.

BIBI: Na nani huyo anayeita hapo nyuma yako?

KARANI: Mkuu. Sigeuki.

BIBI: Atakufukuza. Geuka umweleze, mtoto wangu, mti ni mti, kazi ni—

KARANI: Bibi, siku zile nane sikuja. Leo niache nije.

BIBI: [kimya]

KARANI: Bibi? Upo?

BIBI: Nipo. Jua tu, limenipiga machoni, kule kona hakuna tena cha kulizuia. Anaandika. Ametoa ulimi nje kama mtoto wa chekechea, anaandika... Anataka jina lako kamili, na la baba, na cheo.

KARANI: Mwambie aandike— [mkwaruzo]

BIBI: Rudia, hajakupata. Fundi anasema salio linalia.

KARANI: —getini, nakata njia ya sokoni, ni nusu saa nikikimbia, usiondoke kwenye sh—

[milio mitatu, kisha kimya]

BIBI: Haloo? Haloo! Mume wangu? ... Limekwisha. Shika simu yako, fundi, asante. Na wewe msimamizi, usikae unasubiri jina. Jina linakuja kwa miguu. Zima hiyo mashine.